Nianze na dansi gani hapa Kampala? Jibu langu kwa dada wa Malaba

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako vizuri. Umesema umehamia Kampala kutoka Malaba, kazi yako ni ya kukaa kutwa nzima mbele ya kompyuta, kucheza unapenda toka utotoni ila hujawahi kufundishwa na mtu, na sasa kila ukifungua simu unakutana na salsa, breki (yaani breakdance), amapiano, bakisimba, rumba, hujui ushike ipi uache ipi. Wenzangu hapo juu wamekwambia ufuate moyo, wengine wamesema anza na iliyo rahisi. Sawa, lakini mimi naona kuna swali linakuja kabla ya hayo yote: hiyo dansi utaicheza wapi na utaicheza na nani darasa likishaisha? Karibu zote ulizotaja nimezipitia, nimekaa nazo, na leo niko kwenye bakisimba na runyege, ngoma za kitamaduni za hapa Uganda, na kilichoamua ni hilo swali tu.

Sababu ni hii. Darasani unafundishwa stepu, ila kucheza kwenyewe mtu anakujifunzia katikati ya watu, pale muziki unapobadilika hujajiandaa na mwenzako anafanya kitu ambacho mwalimu hakuwahi kukionyesha na inabidi umjibu hapohapo. Kama maisha yako hayana sehemu ya namna hiyo kwa hiyo dansi uliyochagua, utaenda darasani miezi, utajua stepu zote, alafu polepole itakutoka mwilini. Nimeona watu wengi wazuri sana wameachia hapo, na sio kwamba walikuwa hawajui.

Haya tuanze na salsa kwa sababu ndiyo umeiuliza sana. Salsa ilikua New York miaka ya 1960 na 1970 kati ya Wapuerto Riko na Wakuba, na mizizi yake ni muziki wa Kuba. Inahesabiwa kwa nane, unakanyaga moja mbili tatu, ya nne unatulia, tano sita saba, ya nane unatulia, na huko kutulia ndiko wageni wanakokuruka kwa haraka ya kutaka kufika. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ukishaijua unaweza kuingia ukumbi wowote, Kampala, Nairobi, hata Ulaya, ukapewa mkono na mtu ambaye hamjawahi kuonana na mkacheza wimbo mzima mkielewana, kwa sababu mmoja anaongoza na mwingine anafuata kwa mkono na kifua, hamsemeshani. Ukiniuliza mimi, hakuna dansi nyingine inayofundisha kumsikiliza mtu kiasi hicho. Lakini sasa inataka usiku. Watu wa salsa wanakutana jioni, wanachanganya na dansi nyingine za wawili wawili kama bachata na kizomba, muziki unakolea saa nne saa tano, na ukitoka hapo taksi, yaani matatu, zimepungua unarudi na boda. Mimi nilikuwa nakaa mbali na mjini na kazini naingia asubuhi na mapema, kwa hiyo hela ya darasa ilikuwa ndogo kuliko hela ya kurudi nyumbani. Kama unakaa karibu na una wenzako wa kurudi nao usiku, ingia salsa bila wasiwasi. Viatu tafuta vyenye soli inayoteleza kidogo, raba za kukimbilia zinashika sakafu na goti ndilo linalolipa pale unapogeuka.

Breki nayo nasikia watu wanasema ni ya vijana wa kiume, hapana jamani. Hapa kwetu kuna Breakdance Project Uganda, aliianzisha Abramz Tekya mwaka 2006, na msingi wao toka mwanzo ni kwamba haulipi ada, unalipa kwa kumfundisha mwenzako kile ulichokijua, na wasichana wamepita hapo wengi tu. Dansi yenyewe ilizaliwa Bronx kule New York miaka ya 1970, DJ alikuwa anarudiarudia kile kipande cha wimbo ambapo ngoma zinabaki peke yake ili watu wachezee hapo, na mwaka 2024 ikafika mpaka Olimpiki ya Paris. Watu wakisikia breki wanawaza kuzungukia kichwa, kumbe unaanza umesimama, unacheza na miguu tu, ndipo ushuke chini uzunguke kwa stepu sita mikono ikiwa sakafuni, mwisho unaganda. Ninachokusisitizia ni viganja na mabega. Wewe unatumia kompyuta siku nzima, viganja vyako tayari vimechoka, kwa hiyo ukiingia huko ongeza mazoezi ya viganja polepole, usishindane na watoto wa miaka kumi na tano. Kuhusu mahali pa kuchezea hapo breki inazishinda nyingi, inataka sakafu laini na duara la watu basi, hata uwanjani mnatandika kitu mnacheza mchana kweupe.

Amapiano sitasema mengi kwa sababu hiyo utaijua hata usipofundishwa. Imetoka Afrika Kusini, mwendo wake ni wa polepole, kama mapigo 110 na kitu kwa dakika, ndiyo maana anayeanza anapata muda wa kufikiri kabla mguu haujafika. Ina besi ile nzito inayogonga kama mtu anapiga gogo, ukiisikia hiyo acha kichwa, cheza na magoti. Kila sherehe ya Kampala utaisikia, kwa hiyo sehemu ya kuichezea ipo. Shida yangu ni moja, wengi wanajifunza chalenji za simu, sekunde kumi na tano zilezile mbele ya kamera, alafu wimbo ukiendelea wanasimama. Angalia Ghetto Kids wetu, kile kikundi cha watoto wacheza dansi, waliofika fainali ya shindano la vipaji la Uingereza, Britain's Got Talent, mwaka 2023, watoto wale wana stepu za simu ndio lakini waangalie wanavyotazamana, wanavyopokezana, hiyo ni kazi ya kucheza pamoja kila siku.

Na rumba jamani, hamkumtajia mtu wa Kampala rumba? UNESCO waliiingiza rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, na sisi hapa tuna majirani zetu Wakongo tele, Kiswahili mnaelewana, hata darasa huhitaji, unahitaji kualikwa kwenye sherehe moja tu. Sehemu ya kuimba mnacheza wawili wawili taratibu, likiingia sebene, yaani pale magitaa yanapochachamaa, mnaachiana kila mtu na kiuno chake. Mama mmoja jirani yangu alinionyesha kwamba mguu haupigi kelele kabisa, unyayo unabaki karibu na ardhi, kazi yote iko kwenye nyonga. Kama bajeti yako ni ndogo kweli, anza hapa.

Sasa nije kwenye ngoma za kwetu, na hapa utanivumilia kwa sababu ndipo nilipo. Watu wengi mjini wanadhani ngoma za kitamaduni ni za kuangalia, unalipa unakaa Ndere Centre pale Ntinda unakula unaangalia, unapiga picha unarudi. Na kweli nenda, maana usiku mmoja utaona Uganda karibu nzima, utaona bwola ya Waacholi ambayo asili yake ni ya ikulu, wanaume wamebeba ngoma wanazunguka duara kubwa, utaona larakaraka wakigonga vibuyu vilivyokatwa nusu kwa spoku za baiskeli, utaona Wanyankole kwenye ekitaguriro wameinua mikono juu kama pembe za ng'ombe wao, na Wakiga kwenye ekizino wanaruka na kukanyaga mpaka unasikia sakafu. Usiku huo usiangalie nani anapendeza, angalia mwili wako ulipokaa kwenye kiti, ni ngoma gani imefanya mguu wako au bega lako lianze lenyewe. Andika jina lake.

Mimi ilikuwa bakisimba, na mimi si Muganda. Nilienda kwa kikundi cha mtaani kinachofanya mazoezi uwanjani, mama mmoja mtu mzima ndiye anafundisha. Hakunipa stepu. Alinifunga kikoi kiunoni, juu yake akanifunga ile ngozi yenye manyoya marefu, akaniambia kunja magoti kidogo, visigino juu, mikono tandaza, mabega yasicheze kabisa. Alafu akasema, mwanangu, usiisikilize hiyo ngoma kubwa, hiyo itakuchanganya, sikiliza ile ya chini inayosema neno moja. Kwenye bakisimba kuna ngoma nne zinazoongea kila moja lugha yake: embuutu kubwa ndiyo inayosema mengi, empuunyi inashika pigo la chini halibadiliki, nankasa ndogo inapigwa kwa vijiti inakwenda mbio juu, na engalabi ile ndefu yenye ngozi ya kenge inapigwa kwa mikono mitupu. Pigo linakwenda kwa tatutatu, ndiyo maana mtu aliyezoea muziki wa klabu wa nnenne anajikuta mguu wake unachelewa. Niliposhika ile empuunyi miguu ikaanza kukokota vistepu vidogo vidogo kama vya kutelezea, kiuno kikajipata, na ile ngozi nyuma ikaanza kupiga yenyewe pembeni na pembeni. Huo ndio ushahidi, ngozi ikiyumba sawasawa na ngoma basi umeingia, ikitetemeka ovyo bado.

Na kuna kitu ambacho spika haitakupa. Mpiga embuutu anakuangalia kiunoni. Ukikaza yeye anakaza, ukitulia anakupumzisha, ukimjaribu kwa kusimama ghafla anakupigia mapigo ya kukuita urudi, na watu wanapiga vigelegele kwa sababu wanaelewa mnachoongea. Inaanza mwendo wa bakisimba taratibu, inapanda mwendo unaoitwa nankasa kama ile ngoma ndogo, inamalizika na mwendo wa muwogola ambapo hakuna tena mtu wa kukaa. Nikiwa nimechoka na kazi ya wiki nzima, hayo mazungumzo na mpiga ngoma ndiyo yananirudisha kila Jumamosi.

Na kuhusu wapi nitaicheza? Kila mahali! Kwanjula, yaani sherehe za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, karibu kila wikendi, harusi, wageni wa shirika, sikukuu za shule. Kampala mtu anayejua bakisimba hakai bila kuitwa, na wala huhitaji mwenza wala usiku, mazoezi ni mchana na unarudi na taksi ya kawaida. Runyege ya Wanyoro na Watooro nimeiongeza baadaye kwa sababu kikundi chetu kinayo, wanaume wanafunga njuga za mbegu kavu miguuni, ebinyege, na kila mguu ukigonga chini lazima ulie pamoja na ngoma, ukichelewa kila mtu amesikia. Sisi wanawake tuna kiuno, ila ukisikia zile njuga za watu wanaokwenda pamoja, damu inakimbia.

Lakini angalia, wewe ni wa Malaba. Kama ni Mteso, kwenu kuna akogo, vile vinanda vya vidole vikubwa kwa vidogo vinapigwa na kundi zima na watu wanacheza, na Desemba ukirudi nyumbani hiyo ndiyo itakayokuwa inachezwa uani, sio salsa. Ukiwa na dansi ya Kampala na dansi ya nyumbani una pa kuchezea mwaka mzima. Nalisema hili kwa uchungu kidogo maana zipo ngoma zetu zinazokatika tukiangalia. Bigwala ya Wasoga, ile ya tarumbeta za vibuyu ambapo kila mtu anapiga sauti yake moja mpaka zinaungana kuwa wimbo, UNESCO waliiweka mwaka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka, wazee waliobaki wanaoijua walikuwa wachache mno. Vijana waliokwenda kukaa na hao wazee wajifunze ndio wameifanya isikike tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua karatasi, andika wiki yako ilivyo, saa unayotoka kazini, unakaa wapi, wikendi unakwenda kwa nani, sherehe gani zinakuita. Alafu mbele ya kila dansi andika watu watatu unaoweza kucheza nao. Ikikosa hata mmoja ifute kwa sasa. Zitabaki mbili, tatu. Hizo nenda ukaangalie mazoezi yao kabla hujalipa, vikundi vingi vinakubali mtu akae pembeni aangalie, na angalia mwalimu anavyomsahihisha aliye mgumu kuliko wote, sio anavyocheza yeye. Mwalimu anayemcheka mwanafunzi muache hapohapo hata kama anacheza vizuri namna gani. Ukishachagua moja kaa nayo, angalau mpaka mwili uanze kucheza kabla hujafikiri, usiruke kwenye nyingine kwa sababu ya vidio.

Umeuliza pia kuhusu mgongo kuuma ukikaa sana. Mimi bakisimba imenisaidia kwa sababu unakunja goti na kiuno kinatembea, ila wiki za mwanzo mapaja yatawaka moto, hiyo ni kawaida, pumzika siku moja katikati. Ekizino na ngoma za kuruka ziache kwanza mpaka magoti yazoee, na kama mgongo unauma hata ukilala muone daktari kabla ya darasa lolote.

Ngozi na kikoi usinunue, kikundi wanazo watakuazima. Beba maji, kaptula ya kubana ndani na kitenge cha kujifutia. Ukiwa upande wa Makindye niandikie inboksi nikuelekeze tunapofanyia mazoezi, Jumamosi saa tisa mchana, nitamwambia mama anakuja mgeni.