Uliza kwanza kampuni ya simu inakuletea nini

Wadogo zangu mnaotoka chuoni hapa Mbeya na kuingia kazi ya kufunga simu za ofisi: mteja akisema anataka simu za intaneti, msikimbilie kuwasha seva. Ulizeni kwanza kampuni ya simu inamfikishia nini. Kama ni E1, yaani laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja, kuna njia 32 ndani yake: 30 za sauti, moja ya kulinganisha saa za mitambo, na moja inayobeba taarifa za kupiga na kukata simu. Hapo lazima mnunue kifaa cha kugeuza E1 kuwa SIP, lugha ambayo simu za intaneti hutumia kupigiana. Kama analetewa SIP moja kwa moja, vifaa vinapungua, ila ugumu wote unahamia kwenye rauta.

SS7, lugha inayounganisha mitambo ya kampuni za simu zenyewe, hamtaigusa kwenye kiwanda cha mbao Mafinga wala hoteli ya Iringa. H.323, lugha nyingine ya simu za intaneti ya mwaka 1996, bado mtaikuta kwenye mitambo ya zamani ya mikutano ya video. Kwa kazi mpya mimi huchagua SIP, kwa sababu ujumbe wake ni maandishi: unafungua kumbukumbu za seva na kuona kwa macho simu ilikwamia wapi. Humo namba 486 ni laini inatumika, 404 ni namba haipo.

Sasa shikeni hili vizuri, maana ndilo litakalowatesa. Katika SIP, ujumbe wa kuita hupita bandari (mlango wa mtandao, au port) ya 5060, lakini sauti hupita bandari nyingine kabisa, kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya ujumbe huo. Simu ya ofisini ikiandika anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.20, upande wa pili utatuma sauti huko na haitafika popote. Simu inaita, inapokelewa, mteja wako anasikika ila yeye hasikii kitu. Kabla ya kulaumu kampuni ya simu, ingia kwenye rauta uzime SIP ALG (kipengele cha rauta kinachobadilisha ujumbe wa SIP na mara nyingi kuuharibu), kisha iambie seva anwani yake ya nje.

Na hiyo 5060 msiiache wazi kwa dunia nzima. Ruhusuni anwani za kampuni ya simu tu, na kila simu iwe na nywila ndefu. Wezi huitafuta usiku na mchana, wakishaingia wanapiga nje ya nchi, na bili inamfikia mteja.