Blogu ya chuo: usitie majina matano kwenye kanga moja

Wa alaykum salaam mdogo wangu wa Wete. Umeuliza mambo mawili: mwalimu kawapa kazi ya kufungua blogu kila mtu yake, utumie templeti gani (sura ya ukurasa iliyopangwa tayari), na kila wiki usome blogu za wenzako watatu na kuwaandikia chini, uandike nini "wasione najipendekeza". Naona wengi hapa jukwaani wamelijibu la kwanza tu. Mie niliipitia kazi kama hiyo nilipokuwa nasomea ualimu hapa Unguja, na hilo la pili ndilo lililonifunza la kwanza, kwa hivyo vumilia nikichanganya.

Templeti: chukua yoyote nyeupe yenye safu moja. Blogger, huduma ya kufungulia blogu, ipo tokea 1999, Google wakainunua 2003, mwaka uleule mwenzake WordPress ilipotoka. Zote mbili unaweza kuanza bure, na yoyote itakutosha muhula mzima. Usikeshe kwa hilo.

Mie nilikesha. Blogu yangu ya mwanzo ilikuwa nyeusi, maandishi ya kijani kibichi, jina langu likipita juu mbio mbio kama tangazo la kinyozi. Pembeni kuna saa, kalenda, kihesabu wageni na picha ya boti, na ukiifungua tu inaanza kulia kaswida. Niliipenda, wallahi. Usiku mzima nimekaa nayo dahalia, wenzangu wamelala.

Asubuhi yake mwenzetu mmoja wa kike, mtu wa Makunduchi, akaifungua darasani. Kaswida ikalia, mwalimu akageuka. Yule dada akaifunga haraka, na wakati wa mapumziko akanambia kwa upole kabisa: "Kaka, kanga yako ina majina matano. Nisome lipi?"

Sikumwelewa mpaka nilipoingia kwenye blogu yake. Alikuwa akiandika kuhusu kanga za bibi yake, kila wiki kanga moja: ilinunuliwa harusi ya nani, bibi alimvalia nani ili ujumbe ufike bila ya kufungua mdomo. Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili, na kwenye ya tatu ndipo nikaona kwamba ukurasa wenyewe ni kanga. Juu na chini kaweka mstari mnene wa rangi moja, ndio pindo. Katikati pametulia, maandishi na picha moja, ndio mji. Na karibu na ukingo wa chini mstari mmoja wa herufi kubwa, maneno yaliyoandikwa kwenye kanga yenyewe, ndilo jina. Hakuna kalenda wala saa. Jicho linaingia, linakaa, linatoka. Na hakusomea usanifu popote. Kaangalia kitu ambacho sote tumebebewa nacho mgongoni na kufunikwa nacho usiku, akaona kuwa kimepangwa.

Tangu hapo nikifungua blogu ya mtu, kwanza nautafuta mji wake. Yangu haikuwa na mji, ilikuwa pindo tupu.

Nikavunja. Nikabakisha jina la blogu, posti, na menyu ya maneno matatu. Boti iliniuma kuitoa, lakini blogu yangu ilikuwa ya masomo ya hesabu kwa watoto wa skuli, sasa boti ya nini?

Kanga haikunifunza habari ya MB. Hilo nililifunzwa na kijana wa Micheweni, tena kwa ghadhabu. Nilikuwa nimepandisha picha sita zilizotoka moja kwa moja kwenye simu, kila moja kama MB 4, nikachagua zikae kwa ukubwa wake wa asili. Yeye yuko kwao likizo, kanunua bando la MB 50, kaifungua kazi yangu ili anipe maoni, na karibu nusu ya bando imekwenda kabla hajasoma sentensi ya pili. Alichoniandikia sikiweki hapa. Tokea siku hiyo kila picha naipunguza kabla ya kuipandisha: upana wa pikseli 1200 unatosha sana, na ukiihifadhi kama JPEG kwa ubora wa kati inashuka chini ya KB 200. Kwenye skrini ya simu hutaona tofauti. Na ukishapandisha, usiache tupu ile sehemu ya maelezo ya picha (alt text), andika picha inaonesha nini. Asiyeona hutumia programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, na ikifika kwenye picha humsomea maneno hayo.

Rangi za maandishi: wanaoweka miongozo ya wavuti wanataka tofauti ya mwangaza kati ya herufi na usuli (rangi iliyo nyuma yake) isipungue 4.5 kwa 1. Ziko tovuti za bure za kupima hilo, lakini mie natumia baraza. Saa saba mchana toka nje na simu yako, kaa juani, soma posti yako mwenyewe. Ile kijivu nyepesi juu ya nyeupe uliyoiona ya kistaarabu chumbani inapotea yote. Wasomaji wako ndiko waliko, kwenye baraza na kwenye daladala.

Na ukitumia Blogger, kabla ya yote ingia kwenye mipangilio ubadilishe majira ya saa yawe ya kwetu. Yangu ilikuja na saa za pwani ya magharibi ya Marekani, nami sikujua. Mwalimu katoa kazi Ijumaa saa mbili asubuhi, mie nikaituma saa tatu, blogu ikaandika Alhamisi saa tano usiku. Yaani nimefanya kazi kabla ya kupewa. Ilibidi nijieleze mbele ya darasa zima, na mpaka leo wako wanaoniita sharifu, eti najua ya kesho.

Sasa hilo la wenzako. Wiki mbili za mwanzo niliwaandikia wote maneno yaleyale: "Maa shaa Allah, kazi nzuri, endelea hivyo hivyo." Nakili, bandika, nakili, bandika. Yule kijana wa Micheweni (ndiye huyohuyo wa bando, Mungu ampe umri) akanijibu kwa swali moja: "Umesoma mpaka wapi?"

Sikuwa nimesoma. Niliona picha tu.

Nikarudi. Blogu yake ilikuwa ya karafuu, nyumbani kwao wanachuma. Kwa sura ilikuwa mbovu kuliko zote darasani, nakwambia kweli, kichwa cha habari kimekatika katikati na fonti zimechanganyika. Lakini kulikuwa na picha moja ya jamvi uani: upande mmoja karafuu mbichi za jana, bado zina ukijani na wekundu, upande wa pili za siku nne, zimeshakuwa rangi ya kahawa iliyokolea, na baina yao alama ya kiganja pale mtu alipozigeuza. Chini yake kaandika kuwa kile kiganja ni cha mama yake, na kwamba mama hujua kama karafuu imekauka kwa kuivunja kikonyo karibu na sikio. Akisikia mlio, imekauka.

Nikamwandikia: "Hapo uliposema mama anaivunja karibu na sikio nimesita, nimerudia mara mbili. Ila hukutwambia mvua ikija ghafla mnafanya nini." Sentensi mbili tu. Wiki iliyofuata posti yake nzima ilikuwa ya mvua: nani anakimbilia jamvi, nani anabaki na watoto, na vipi karafuu ikilala na maji hupauka, na bei ikapauka nayo. Ilikuwa posti bora ya darasa lile, na ilitokana na swali. Maneno ya "kazi nzuri" hayakuwahi kumtoa mtu posti.

Kwa hivyo usihofu kujipendekeza. Anayejipendekeza husifu jumla jumla. Wewe taja sentensi yake mwenyewe, mwambie ilikufanya nini, kisha muulize kile ambacho kweli unataka kukijua. Kasoro za sura, kama kichwa kilichokatika, nilimpelekea kwa ujumbe wa faragha pamoja na namna ya kukitengeneza. Usimwanike mwenzio hadharani kwa jambo la dakika tano. Lakini kama kosa liko kwenye maelezo, mfano kakosea mwaka au hesabu, liseme palepale chini kwa adabu, maana wengine watalinakili.

Iba pia. Ule mstari wa herufi kubwa chini niliuiba kwa yule dada wa Makunduchi, nikamwambia, na nikaandika kwenye blogu kuwa ni wake. Alifurahi kuliko sifa zote nilizowahi kumpa.

Jambo moja la pembeni, habari ya leseni ya blogu, kwa kuwa kuna aliyeigusia hapo juu jukwaani: Bara, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu wakate leseni kwa ada ya mamilioni, na wako waliofunga blogu zao. Kanuni hizo zimeshabadilishwa tangu wakati huo, na huku kwetu Zanzibar ipo Tume ya Utangazaji. Kazi ya darasani kuhusu karafuu au hesabu si gazeti. Ukipata hamu ya kuanza kutoa habari na matukio, uliza kwanza kwa wahusika, usiulize jukwaani.

Ukishaifungua tupia linki hapahapa. Nitaifungua juani, kwa bando la MB 50.