Tramu ilipokuwa ikipita

Ndugu, umeuliza mtu wa kawaida asiye na bunduki angewafanya nini Wanazi. Chukua mtaa mmoja tu wa Amsterdam, Uholanzi, iliyokuwa mikononi mwa Wanazi: Plantage Middenlaan, mwaka 1943.

Upande huu kuna ukumbi wa maigizo uliogeuzwa kizuizi cha Wayahudi wanaongoja kupelekwa kambini. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha kulelea watoto, na watoto wao wadogo waliwekwa humo. Mkuu wa kituo, Henriëtte Pimentel, na Walter Süskind aliyeshika orodha ya waliozuiliwa (wote wawili Wayahudi, hilo husahaulika) walifuta majina ya watoto. Kisha mlezi anasubiri tramu (treni ya mjini ipitayo barabarani) ipite katikati, imkinge na macho ya askari wa zamu, anatoka na mtoto mkononi kama mtu anayewahi safari yake. Wachanga walifichwa kwenye mabegi na vikapu vya nguo. Wengine walivushwa uani hadi chuo cha ualimu cha jirani, kwa Johan van Hulst, na vijana wanafunzi wakawapeleka kwa familia za mbali. Wazazi waliombwa ridhaa kwanza. Hebu fikiria swali hilo!

Waliookolewa hapo wanakadiriwa kuwa 600. Pimentel mwenyewe aliuawa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz mwaka huohuo. Septemba, kituo kilipokuwa kinafungwa, van Hulst ilibidi achague wa kuondoka nao. Akachukua 12. Aliishi miaka 107, na uzeeni bado alijiuliza kwa nini hawakuwa 13.