Maji ya kisima: kipimo cha TDS hakitoshi, na upime masika

Mkuu, umesema fundi aliyekuchimbia kisima hapo Mbagala alichovya kipimo cha TDS, kikasoma 410, akakwambia maji ni safi, mnywe tu. Na una kichanga wa miezi mitatu anayetumia maziwa ya kopo. Nakuomba msiyanywe kwanza. Kile kipimo kinakadiria chumvi na madini yaliyoyeyuka, basi. Maji yenye kinyesi yanaweza kusoma 410 hiyohiyo.

Mimi nilihamia kwangu Kigamboni nikiwa na kisima cha mita 26. Maji meupe, hayana chumvi, majirani wakawa wanakuja kuchota. Mwezi wa tisa nilipeleka sampuli maabara, E. coli (bakteria wanaoonyesha kuwa kinyesi kimeingia majini) sifuri, nikatulia. Aprili, masika yamekolea, mwanangu wa mwisho akaharisha siku tano. Nikapima tena: E. coli 34 kwenye mililita 100, wakati maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na hata mmoja. Kisima kilekile! Ardhi yetu ni mchanga, mvua inazama upesi, na maji ya chini yakipanda yanayafikia mashimo ya vyoo. Karo la choo la jirani lilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kisimani kwangu, ukuta tu katikati. Umbali unaoshauriwa ni angalau mita 30. Kwa viwanja vyetu vya ishirini kwa ishirini, nani anazipata?

Kwa hiyo majibu ya kiangazi peke yake usiyaamini. Chupa kachukue maabara, zao zimetakaswa. Mara ya kwanza nilipeleka maji kwenye chupa ya dukani, wakaikataa, na walikuwa sahihi. Kinga kwenye koki iliyo karibu na pampu, kabla maji hayajaingia kwenye simtanki. Koki ya chuma ichome kwa moto, ya plastiki ifute kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, kisha jaza bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Iweke kwenye deli la barafu, ifike ndani ya saa sita. Ukiweza kinga na ya pili jikoni, kwani kisima kinaweza kuwa kizima, uchafu ukawa kwenye tanki.

Waambie wapime na naitreti, kemikali inayoyeyuka kwenye maji. Wengi hawaombi kipimo hiki, na kwako wewe ndicho kikubwa. Yangu ilisoma miligramu 71 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Chanzo chake kwenye mitaa kama yetu ni vyoo. Haina rangi wala harufu, klorini haiigusi, na ukichemsha inabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Kichanga akikorogewa maziwa kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo ikawa ya bluu.

Floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, ni tatizo zaidi la Arusha na Kilimanjaro, huku pwani usianze nayo.

Sisi sasa cha kisima ni kufulia na chooni, ya kunywa ni ya bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, nayo tunachemsha. Kwako, mpaka majibu yatoke, maziwa ya mtoto yakorogwe kwa maji ya bomba yaliyochemshwa. Anza leo jioni.