Mwanangu, kuhusu lile uliloniuliza

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unasema yale uliyomfanyia dada yako umeshayatubu tena na tena na bado moyo unakushtaki, je ina maana Mungu hajakusamehe? Nilitaka nikujibu kwa 1 Yohana 1:9 tu, kwamba tukiziungama dhambi zetu Mungu anatusamehe, nikalale, lakini huo mstari unaujua toka shule ya Jumapili na usingizi haujakupa, kwa hiyo ngoja nikwambie ya bibi yako.

Ile miezi 7 niliyomnunia unaikumbuka, we ndo ulikuwa unaniuliza mbona hatuendi kwa bibi na mi nakwambia niko bize. Usichojua ni kwamba alikuwa anapiga simu kila jioni na mimi naiangalia inaita mpaka inakata. Mama yangu mzazi. Nilipokuja kwenda ameshaugua, nikapiga magoti pale kitandani, njia nzima nimepanga maneno, sijafika hata katikati akanikatiza, "Baba, nilishakusamehe siku ile ile, inuka uniwekee mto vizuri." Nikauweka mto alafu nikaanza upya kuomba msamaha, akakasirika! Akasema sasa unanichosha, unataka nikusamehe mara ngapi. Ile hasira yake nikiikumbuka nacheka huku machozi yananitoka.

Na simu ikiita jioni mpaka leo nashtuka. Sasa ningekuwa napima msamaha wa mama kwa huo mshtuko wangu ningesema hakunisamehe, na ningekuwa namsingizia. Ndo maana siku zote nasema msamaha unakaa kwa anayesamehe, usiutafute kifuani kwako. Waraka huo huo wa 1 Yohana, sura ya 3 mstari wa 20, unasema moyo ukituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Yote mwanangu, hata lile uliloogopa kuniandikia.

Ila hapo najibishana mwenyewe, maana kuna hatia nyingine imekuja na kazi yake. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuishia kufurahi kwamba Yesu yuko nyumbani kwake, alisema aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Alafu nakumbuka Petro kule ufukweni, Yohana 21, anaulizwa wanipenda mara ya tatu akahuzunika, na hapo anaongea na Yesu aliyefufuka uso kwa uso, tena pembeni kuna moto wa makaa kama ule aliokuwa anaota usiku ule Yesu alipokamatwa na yeye akamkana. Ameumia vile vile na akapewa kondoo awalishe. Kwa hiyo kuumia kwako peke yake siwezi kukusoma kama hukumu.

Kama umtafute dada yako au unyamaze, hilo sikuamulii, we ni mtu mzima. Ninayo ya kusema, tena mengi, hapa nimeandika mistari minne nikaifuta. Nasema tu msamaha unakaa kwa anayesamehe, na dada yako namba yake ni ile ile.

Baba yako.