Tamasha lianzie ghalani

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza: makumbusho yafanye nini ili siku ya urithi wa taifa isiishie kwenye ngoma, hotuba na picha? Jibu langu ni kwamba siku hiyo ipangwe kuanzia ghalani, pale makumbusho yanapotunza vitu vyake. Mara nyingi hupangwa kinyumenyume: kwanza jukwaa, maturubai na vipaza sauti, halafu siku tatu kabla ya shughuli mhifadhi anaulizwa ana vitu gani vya kutoa nje. Hapo amebakiwa na njia mbili tu, akatae au aharibu.

Chagueni kifaa kimoja. Chungu, mkeka, ngoma, kiti cha kuchonga, chochote, lakini kimoja. Kisha ulizeni nani bado anajua kukitengeneza, ni hatua gani ya kazi hiyo mgeni anaweza kuijaribu kwa mikono yake ndani ya dakika 20, na ni jambo gani wenyewe hawataki lionyeshwe hadharani. Swali hili la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo huzaa ugomvi. Kuna nyimbo za jando zisizoimbwa mbele ya watoto, na kuna vifaa vya matambiko ambavyo kuvipiga picha tu ni kuvivunjia heshima. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, kama vile nyimbo, mila na ufundi, kifungu cha 15, unazitaka nchi zijitahidi kuzishirikisha jamii zinazouunda, kuutunza na kuurithisha urithi huo. Kwa kazi ya kila siku maana yake ni kwamba fundi aitwe kwenye kikao cha kwanza, wiki nane kabla, na si kupigiwa simu baada ya mabango kuchapwa. Alipwe pia siku za maandalizi, maana udongo wa chungu hauchimbwi asubuhi ya tamasha.

Sasa kuhusu vitu vya kale vyenyewe: visitoke nje. Watu huona huo ni ubahili wa wahifadhi, basi tupige hesabu. Mavazi ya kale na manyoya huwekwa kwenye mwanga usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), na kiwango kinachokubalika kwa mwaka ni kama laksi-saa 150,000, yaani laksi mara idadi ya saa. Vazi likionyeshwa saa 8 kwa siku, siku 300, kwa laksi 50, limetumia 120,000. Jua la mchana kweupe hufika laksi 100,000. Saa moja na nusu juani imekwisha kula mgao wa mwaka mzima, na rangi iliyopauka hairudi. Rangi zinazopauka upesi zaidi mgao wake ni moja ya kumi ya huo. Dakika 9 tu.

Ngoma ya kale nayo isipigwe, na kamwe isiwambwe kwa moto. Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu na hujikaza ikikauka. Iliyokaa miaka mingi ghalani imepoteza unyumbufu wake, hivyo pigo moja lenye nguvu laweza kuipasua pale ilipokunjwa kwenye ukingo. Tengenezeni ngoma ndugu: fundi apime ile ya kale, achonge nyingine ya kipimo hichohicho, aiwambe ngozi ikiwa mbichi na kuiacha ikauke kivulini siku kadhaa. Anayeikausha juani kwa haraka hupata ngozi iliyokauka upande mmoja kabla ya mwingine, na mti wake hupata nyufa. Kazi hiyo ya kuchonga na kuwamba, ikifanywa mbele ya watu, ina mafunzo kuliko onyesho zima la jukwaani.

Jukwaa lenyewe liwe mbali na kabati za vioo. Spika kubwa hutikisa rafu, na vyungu husogea kidogo kidogo bila mtu kuona hadi kimoja kinafika ukingoni.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kabisa. Katika karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, makumbusho mengi yalipaka vitu vya ngozi, manyoya na nywele aseniki au chumvi za zebaki ili wadudu wasivile, na baadaye DDT, dawa ya kuua wadudu. Sumu hiyo bado ipo. Kitu chochote cha aina hiyo kilichokusanywa zamani kisipewe mtoto akishike, na kisivishwe mchezaji, mpaka kiwe kimepimwa. Ndiyo sababu makumbusho yanahitaji mkusanyo wa pili, wa kushikwa: nakala na vitu vipya vilivyonunuliwa kwa mafundi, vyenye daftari lake, ambavyo vikichakaa vitatengenezwa tena.

Darasa la watoto 45 ligawanywe makundi matatu, kila kundi na meza yake, dakika 20 kisha wabadilishane. Zaidi ya 15 kwa fundi mmoja, walio nyuma hawaoni mikono, na mikono ndiyo somo. Anayeshika kitu akae kwanza, kitu kiwe juu ya meza yenye mto, akishike kwa mikono miwili, pete na bangili zimevuliwa, na kalamu za wino zibaki kwenye mikoba. Glavu za pamba zisitumike kwenye vitu vilivyosukwa, maana nyuzi hunasa. Fundi aongee kwa lugha yake mwenyewe akipenda, na mkalimani asimkatize katikati ya hatua.

Mikeka, nguo na mapambo yanayoletwa kutoka nje huja na nondo na wadudu wanaokula sufu na ngozi. Kabla hayajaingia jengoni, yafungwe kwenye nailoni isiyopitisha hewa, yagandishwe wiki mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, halafu yaachwe siku nzima yapate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Ukifungua mapema, umande utajikusanya juu ya kitu badala ya kubaki juu ya nailoni. Ngoma iliyowambwa na mbao zilizopakwa rangi zisigandishwe.

Rekodini. Kamera moja itazame mikono tu, nyingine mandhari yote, na maikrofoni iwe kifuani mwa fundi. Andikeni jina lake kama anavyotaka aitwe, lugha, mahali, tarehe, na ruhusa aliyotoa: je, video ionekane kwa wote, kwa watafiti pekee, au kwa jamaa zake tu? Nakala ziwe tatu, moja nje ya jengo, na ya nne apewe yeye. Makumbusho yanayosahau hiyo ya nne yamechukua bila kurudisha.

Asubuhi inayofuata mhifadhi apite kwenye kila kabati akilinganisha vitu na picha zilizopigwa kabla ya tamasha. Chungu kilichofinyangwa siku ile, kikishakauka na kuchomwa, kiwekwe kando ya kile cha kale, na kibao chake kiwe na jina la mfinyanzi. Cha kale mara nyingi kimeandikwa jina la mkusanyaji peke yake.