Ugonjwa uko shingoni, mbona MRI ya kichwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 48. Ana rovu, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka na amekonda. T4 huru, yaani homoni ya tezi ya shingo iliyo kwenye damu, ilikuwa 38 (kawaida 12–22), TSH 4.1 (kawaida 0.4–4.2). Baada ya kutumia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hiyo, TSH imepanda hadi 9. Sasa ameandikiwa MRI ya kichwa. Si bora watoe hiyo tezi ya shingo yaishe?

JIBU: Marahaba. Tezi isiguswe kwanza. Daktari wenu ameona jambo ambalo wengi hulipita, kwa sababu karatasi ya maabara imeandika "kawaida". TSH ya 4.1 kwa mtu mwenye T4 ya 38 si ya kawaida hata kidogo. TSH hutoka kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo itengeneze homoni. Homoni zikizidi, pituitari hunyamaza. Ndiyo maana kwenye ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huichochea tezi ya shingo na tunaouona mara nyingi zaidi, TSH hukaribia sifuri. Ya mama haikushuka. Huenda pituitari ina uvimbe unaotoa TSH bila kujali. Ni nadra sana, na karibu kila mara si saratani.

Ila msiruke hatua. Kwanza vipimo virudiwe kwenye maabara yenye mashine ya aina nyingine, maana zipo kingamwili zinazoidanganya mashine. Pili, upo ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauzitii homoni hizi, na majibu yake hufanana kabisa na haya. Kwa hiyo wewe na ndugu zako nanyi mpime T4 na TSH. MRI peke yake haitoshi: watu wengi wazima wana kijivimbe cha pituitari kisicho na madhara.

Ikithibitika ni uvimbe, tiba ni upasuaji kupitia puani. Kabla yake, sindano za oktreotaidi au lanreotaidi hushusha TSH, na propranololi hutuliza moyo, ila si kwa mwenye pumu. Mkiondoa tezi ya shingo, uvimbe unabaki palepale, TSH inazidi kupanda, na uvimbe wenyewe unaweza kukua ukabana mishipa ya macho.

Kabimazoli asiiache bila kuambiwa. Muulize pia kama siku hizi anajigonga kwenye miimo ya milango, au haoni pikipiki inayotokea ubavuni. Akisema ndiyo, MRI isingoje. Akipata ghafla maumivu makali ya kichwa na macho kufifia, hospitali siku hiyohiyo.